Tulilipa RAM, na tablete bado inatuambia "kifaa hakitambuliwi"

Wandugu vijana wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na popote munaposoma hii,

Leo hatuandiki juu ya maji wala juu ya barabara. Tunaandika juu ya tablete na video. Tunajua wengine watacheka: "Bale batoto, inchi inaungua, beko banalilia mafilme!" Wacheke kwanza, kisha wasome mpaka mwisho.

Sisi tuko sita. Wote tuko na diploma ya chuo kikuu, wote ni mashomeri. Tulichanga mafranga, tukanunua tablete moja ya okazio. Kioo kizima, batri nzuri, sauti safi. Muuzaji alituapia: "Iko muzuri, inaingiza yote." Mupango wetu ulikuwa rahisi: kila jioni tunachanga tena kwa ajili ya mega, tunaangalia masomo ya video. Kufunga umeme wa jua. Excel ya kweli, siyo ile tuliyochorewa ubaoni bila mashine. Kiingereza, juu kampuni za migodi zinakiomba hata kwa mutu wa kuhesabu magunia.

Tulipotaka kuweka programu rasmi ya video, tablete ikajibu kwa mustari mumoja: kifaa chenu hakikubaliwi. Tukazima, tukawasha. Tukajaribu nyingine. Jibu lile lile.

Hakuna kitu kilichovunjika. Ile ndiyo tunataka kila mutu aelewe. Tablete yetu inacheza video vizuri kabisa mukiweka faili ndani yake. Ila kuna milango mitatu ambayo imefungwa na watu, mbali na hapa.

Mulango wa kwanza ni toleo la Android. Mutengenezaji akiacha kutuma toleo jipya, kisha kidogo wenye programu nao wanasema: kifaa hiki ni cha zamani. Mulango wa pili ni cheti. Tablete nyingi za bei ya chini zinatoka kiwandani bila cheti cha Google, na kuna programu ambazo hazitaki kabisa kifaa cha namna hiyo. Netflix walitangaza wazi tangu 2017 kwamba programu yao mupya itakubali vifaa vyenye cheti tu. Wakati mwingine ni siasa tupu: Mei 2019 Marekani iliweka Huawei kwenye orodha yake ya makampuni yaliyozuiliwa, na tablete mupya za Huawei zikaanza kutoka bila duka la Google. Mutu wa Katuba aliyenunua alikuwa na ugomvi gani na Washington? Mulango wa tatu ni kufuli ya filamu inayoitwa Widevine. Kifaa kikiwa kwenye daraja la chini, L3, huduma nyingi zinakupatia picha ya chini hata kama umelipa bei ile ile na jirani mwenye L1.

Mutu atatuambia: "Si mufungue kwenye navigateri?" Tunafungua, na tunashauri kila mutu afanye vile. Video inacheza. Lakini kwa kawaida ruhusa ya kupakua somo na kuliangalia baadaye bila mega iko ndani ya programu, navigateri haina. Na kwetu, kupakua ndiyo kila kitu! Umeme ukirudi saa saba ya usiku, ndipo tunachaji. Mutandao ukiwa mwepesi alfajiri, ndipo tungepakua. Mwenye wifi nyumbani Paris haoni shida kuangalia somo moja mara tatu. Sisi tukirudia mara tatu, tumelipa mara tatu.

Hapo ndipo vijana wanaingia kwenye mutego. Mutu anakutumia faili kwa WhatsApp: "Chukua hii, inafungua yote." Mwenzetu mumoja aliiweka. Ikamuomba anwani yake ya barua pepe na neno la siri, akaandika. Video ilicheza siku mbili. Siku ya tatu akaunti ilikuwa ya mutu mwingine. Ni anwani ile ile aliyokuwa ameandika kwenye CV zote alizopeleka mwaka mzima. Kisha wiki kadhaa, mutu wa kampuni moja alimuuliza njiani kwa nini hakuja kwenye test. Barua ilikuwa imetumwa. Hakuweza kuifungua.

Musituambie tena kwamba ni mambo ya mafilme.

Sasa tuje kwa wakubwa wa inchi. Munakumbuka RAM? Ilianza Septemba 2020. Walisema ni rejista ya kututetea, isaidie kupambana na simu za wizi na vifaa bandia. Mwenye simu ya 3G au 4G alikatwa unite mpaka dola 7 kwa mwaka, bila kuulizwa. Vijana walipiga kelele barabarani na kwenye mitandao, wabunge nao wakaamka, na mwaka 2022 ikafutwa. Kufutwa kwake tulikushangilia. Lakini hesabu hatujasahau. Tulilipishwa ili vifaa vyetu vikaguliwe na vitambulike. Leo ingia sokoni: tablete zisizo na cheti zinauzwa wazi, hakuna karatasi, hakuna alama, hakuna anayemuambia mununuzi kwamba programu fulani haitaingia. Basi ule ukaguzi ulikagua nini? Mifuko yetu tu?

Tangu Machi 2023 inchi iko na Code du numérique. Tuko na ARPTC ya kusimamia mawasiliano. Tuko na wizara. Kitu kinachokosa ni mutu mumoja ndani ya ofisi zile atakayemuuliza mwenye kuingiza kontena: tablete hizi zitaishi miaka mingapi?

Wengine wameuliza. Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, simu na tablete mupya zinazoingia sokoni lazima ziendelee kupata toleo jipya la mufumo angalau miaka 5 baada ya mutengenezaji kuacha kuuza aina ile. Ni sheria. Hawakuomba huruma. Zile walizochoka nazo kule, nyingi zinakuja kumalizia maisha huku.

Na batri ya tablete ile ndani yake iko na nini? Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka kwetu, na nyingi inapita Kolwezi, barabara ile ile tunayopita na basi. Jiwe likitoka hapa, hakuna mutu anayeliuliza cheti cha mulaji. Likirudi limekuwa tablete, ndipo tunaambiwa hatutambuliwi.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kwa serikali na ARPTC: kila tablete inayoingizwa iwe na alama inayoonekana kwenye karatoni: toleo la Android, kama ina cheti, na mwaka ambao msaada wake utaisha. Muuzaji anayeficha arudishe mafranga.

2. Kwa makampuni ya video: muruhusu kupakua masomo ya bure kupitia navigateri. Mukifunga toleo la zamani, muache njia nyepesi inayofanya kazi. Tangazo lenu linafika kwetu bila kuuliza cheti, somo nalo lifike.

3. Kwa vyuo vikuu na komini: muweke Kolibri. Ni programu ya bure ya masomo, imetengenezwa kwa watu wasio na intaneti. Kompyuta moja inabeba masomo, ikiwemo ya Khan Academy, na tablete zinaunganika nayo kwa wifi ya ndani, kupitia navigateri tu. Hakuna mega. Kompyuta moja kwenye ukumbi mumoja! Mutuambie ni bajeti gani inakosa hapo.

4. Kwa sisi wenyewe: tuache faili za "inafungua yote". Tutumie navigateri, tuteremushe picha mpaka 240 au 360, mega zitapungua sana na sauti ya mwalimu itabaki ile ile. Neno la siri la barua pepe ya CV lisiandikwe kwenye programu ambayo haukuipata mahali rasmi. Na kabla ya kulipa sokoni, muambie muuzaji aweke programu unayotaka mbele yako, ifunguke, ndipo utoe mafranga. Akikataa, ondoka.

Wakubwa wanapenda kusema vijana hawataki kujifunza, wanapenda video tu. Waje jioni moja waone vijana sita wamezunguka kioo kimoja cha inchi kumi, mumoja ameshika simu ya wifi juu, mumoja anaandika kwenye daftari, wote wananyamaza mwalimu asipotee. Kisha warudi ofisini watuambie nani anazuia nani.

Tablete tumeinunua. Mega tumelipa. RAM tulilipa pia, kwa nguvu. Deni sasa liko upande wenu, na tutakuja kuliuliza mchana, kwenye mulango wa ofisi, tukiwa na ile tablete mukononi.

Shiriki ujumbe huu. Kama nawe tablete yako imefungiwa mulango, andika: umenunua wapi, lini, na ilikuambia nini. Tutapeleka yote pamoja.

Sisi vijana, Lubumbashi.