Namba Moja ya Katavi

Mwanao wa darasa la sita akikuuliza namba 1,152,958 ni ya nini, usimwambie akamwulize mwalimu wake. Hiyo ndiyo idadi ya wakazi wa Mkoa wa Katavi waliohesabiwa katika Sensa ya mwaka 2022. Yumo humo mpiga debe wa stendi ya Mpanda, na yumo mtoto mchanga aliyezaliwa katika kijiji cha mbali siku moja kabla ya kuhesabiwa.

Keti naye mkekani mwichambue. Tarakimu ya mwisho ni 8, kwa hiyo ni namba shufwa. Jumlisheni tarakimu zote, mtapata 31. Kwa kuwa 31 haigawanyiki kwa 3, namba nzima nayo haigawanyiki kwa 3. Nusu yake, yaani 576,479, inakataa 5, inakataa 7, 11, 13 na 17, mpaka mfikapo 19. Hapo inakubali, mkapata 30,341. Hii ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kuithibitisha si kazi ya mwaka mzima. Kwa kuwa 175 mara 175 ni 30,625, kama ingekuwa na vigawo viwili, kimoja kingelazimika kuwa chini ya 175. Yatosha basi kujaribu namba tasa 40, kuanzia 2 hadi 173. (Penseli iwe na kifutio.)

Wagawanyeni sasa watu hao watano watano, kama familia. Wanabaki 3. Daftarini mabaki huandikwa pembeni yakasahauliwa, lakini hao watatu wanahitaji maji na dawa kama wenzao.

Mwaka 2012, mkoa ulipomegwa kutoka Rukwa, sensa ilihesabu watu 564,604. Zidisha kwa 2, upate 1,129,208. Idadi ya mwaka 2022 imepita hapo kwa watu 23,750. Kasi ya ongezeko ilitajwa kuwa asilimia 7.1 kwa mwaka. Mtu wa haraka atasema miaka 10 ni asilimia 71. Mbona basi limefika 104? Kwa sababu ongezeko la mwaka huu nalo huongezeka mwaka ujao, kama ng'ombe ambaye ndama wake naye huja kuzaa. Gawanya 70 kwa 7.1, utapata muda wa kuongezeka maradufu: miaka isiyotimia 10. Kwa Taifa zima, lililokua kwa asilimia 3.2, ni miaka kama 22.

Mpe mwanao swali moja la kulalia. Shule ilikuwa na vyumba 7 vya madarasa mwaka 2012. Ikiwa wanafunzi nao waliongezeka kwa kiasi hicho hicho, mwaka 2022 ilihitaji vyumba vingapi ili wasibanane kuliko awali? Akijibu 14, mrudishie daftari. Ni 15.