Tupimiwe Maji, Si Visima

Bwana Mhariri,

Nina shakwa ambalo naamini ni la wakazi wengi wa Kitengela na Kajiado kwa jumla, nalo lahusu maji ya kunywa, na hasa namna wakubwa wetu wanavyoipima kazi yao ya kutuletea maji hayo. Aghalabu twasomewa hesabu ya visima vilivyochimbwa, matangi yaliyoinuliwa na mabomba yaliyolazwa. Lakini ni nadra kusikia vingapi kati ya hivyo vingali vyatoa maji miaka miwili baada ya utepe kukatwa, na ni nadra zaidi kuambiwa kama maji yenyewe yafaa kunywewa na mtoto.

Hilo la pili ndilo liniumalo zaidi. Ardhi yetu ina madini ya floridi kwa wingi, na viko visima virefu Kajiado vitoavyo maji yaliyokipita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Maji hayo kwa macho ni maangavu, na mtu akiyachemsha kwa kudhani ayasafisha, huwa ameyazidisha madhara, kwa kuwa mvuke huondoka na floridi hubaki. Watazame watoto wanapocheka, uone meno yenye mabaka ya hudhurungi ambayo mswaki hauyaondoi; na anywaye maji ya namna hiyo kwa miaka mingi huweza kupatwa na maradhi ya mifupa. Kisima kama hicho, Bwana Mhariri, chahesabiwa kuwa ni mradi uliofaulu, sawasawa na kisima cha maji salama, ilhali dawa ipo: Jimbo Katoliki la Nakuru lilianza zamani kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na katika nchi ya wafugaji kama yetu mifupa haijapata kuadimika.

Ama mjini Kitengela, mtu wa kipato kidogo hununua maji ya namna mbili: ya chumvi kwa kufulia na kuoshea, na matamu kwa chai na kunywa, nayo huletwa kwa mkokoteni katika mitungi ya lita 20 bila ya mnunuzi kujua yalikochotwa. Mwenye nyumba aliye na tangi huagiza boza zima. Mama wa chumba kimoja hununua mtungi mmoja mmoja, na kwa kila lita hulipa zaidi ya yule mwenye nacho. Naomba wanaoandika kwamba watu kadhaa wamefikiwa na maji waseme pia wamefikiwa kwa bei gani.

Nikirudi kwa vile vilivyoacha kutoa maji, nimesimama mbele ya kioski cha maji ambacho jiwe lake la ufunguzi lingali lasomeka vizuri, na mfereji wake umeshika kutu, buibui ametanda mdomoni. Majirani walinieleza kuwa pampu iliharibika, na hapakuwa na kamati wala fungu la fedha la kununulia kipuri.

Ahadi hatukuzikosa. Mpango Mkuu wa Maji wa mwaka 1974 ulikusudia kila kaya ipate maji safi karibu nayo ifikapo mwaka 2000. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 43, ikayafanya maji safi, salama na ya kutosha kuwa haki ya kila mtu. Na tangu 2013 huduma ya maji imo mikononi mwa serikali za kaunti. Lakini ahadi ni moja na maji ni mengine: bomba la Nol-Turesh limeyachukua maji ya chemchemi zilizo chini ya Kilimanjaro, likayapitisha katika nchi ya Wamaasai hadi Machakos na Athi River, na wako wafugaji ambao hadi leo huyaona yakipita tu.

Kwa hiyo naiomba Serikali ya Kaunti ya Kajiado iweke ubao katika kila kisima na kila kioski cha umma, uonyeshe tarehe maji yalipopimwa mara ya mwisho, kiwango cha floridi kilichopatikana, na ofisi ya kupelekewa malalamiko. Nao wawakilishi wa wadi, kabla hawajapitisha fedha za kuchimba kisima kipya, wadai kwanza hesabu ya vile vya zamani: kipi chatoa maji, kipi kimekufa, na kipi maji yake hayafai kunywewa.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Kitengela