Msimbo ni wa bure, lakini nani hapa anajua kuujenga?

Fungua laptopu yako. Kama uliinunua Luthuli au duka lolote la kompyuta za mitumba hapa Nairobi, huenda ilikuwa ya ofisi fulani Ulaya, ikapanguswa vumbi, ikawekewa Windows 10, na muuzaji akakuapia kwamba ni kitu safi. Yangu ilinitoka Sh17,000. Ina RAM ya GB 4 na prosesa ya Intel ya kizazi cha nne.

Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Waliojisajili waliongezewa mwaka mmoja wa marekebisho ya usalama, kisha basi. Windows 11 nayo haitaki mashine kama yangu: inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Laptopu inawaka, kibodi iko sawa, betri inashika saa mbili. Lakini kampuni iliyo Marekani imeamua imezeeka, na wewe hukuulizwa.

Wasee wengi mtaani wameamua kunyamaza tu na kuendelea na Windows 10 ile ile. Wachache tumehamia Linux. Mimi nikaenda hatua moja zaidi: nikaijenga kerneli mwenyewe, kutoka kwa msimbo wake.

Kerneli ndiyo kiini cha mfumo endeshi. Inakaa kati ya vyuma na programu zote, na ndiyo inayoamua nani atumie prosesa sasa, nani apewe kumbukumbu, faili iandikwe wapi kwenye diski. Ifikirie kama makanga wa matatu. Humjui jina, lakini bila yeye hakuna anayepanda, anayelipa wala anayeshuka.

Kerneli ya Linux ilianzishwa 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 kule Helsinki. Mwaka uliofuata aliiweka chini ya leseni ya GPL: yeyote anaweza kuusoma msimbo, kuubadilisha na kuusambaza, mradi akimpa mtu kerneli aliyoijenga, ampe na haki ya kupata msimbo wake. Leo ina takriban mistari milioni 40, na kama simu yako ni ya Android, iko mfukoni mwako.

Chuoni nilifundishwa maana ya kerneli. Niliandika maana hiyo kwenye mtihani, nikapata alama zangu nne, na hakuna siku mwalimu alituonyesha hata faili moja ya msimbo huo. Niliacha chuo kwa sababu nyingine, sitamlaumu mwalimu. Lakini kazi yenyewe niliijulia chumbani kwangu, kwa bando la usiku.

Inaenda hivi. Unaingia kernel.org na kupakua msimbo. Mimi nilichukua toleo la 6.12, lililotoka Novemba 2024 na ambalo linatunzwa kwa muda mrefu. Ni karibu MB 150, si mzigo. Ukiifungua, ndipo unaona jinsi ilivyo kubwa: madereva ya kila kifaa unachokijua na usichokijua. Ukijenga yote kwenye mashine ya GB 4, utalala, uamke, ulale tena. Kwa hivyo unaandika make localmodconfig, amri inayoangalia ni madereva yapi yanatumika wakati huo na kuyaacha hayo tu. Halafu make, na feni inaanza kulia.

Stima ilipotea mara mbili usiku huo. Nilidhani nimepoteza kila kitu, lakini ukiandika make tena inaendelea palipoachia. Saa kumi alfajiri ikaisha. Nikaisakinisha, nikawasha upya, laptopu ikaamka vizuri. Nikachomeka simu kwa waya nipate intaneti, kimya. Nikachomoa, nikachomeka tena, bado kimya.

Kosa lilikuwa langu. Nilipoendesha ile amri, simu haikuwa imechomekwa. Kerneli ikaona dereva wa intaneti ya waya hatumiki, ikamwacha nje. Ilinitii kabisa, manze. Nikarudi kwenye kerneli ya zamani, ambayo usiwahi kuifuta kabla mpya haijakubali, nikachomeka simu, nikaanza upya.

Sasa utaniuliza: Linux si huja na kerneli iliyojengwa tayari? Ndiyo, na kwa watu wengi hiyo inatosha. Tena ukijenga yako, umejitwika kazi, kwa sababu pengo la usalama likipatikana hakuna atakayekuletea marekebisho. Itabidi upakue na kujenga tena. Sisemi kila mtu afanye hivi. Nasema nchi isiyo na watu wa kutosha wanaoweza kufanya hivi ina shida, na mambo mawili ya Oktoba 2024 yanaonyesha kwa nini.

La kwanza lilitokea ndani ya Linux yenyewe. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wakuu wa mradi huo, aliondoa majina kadhaa ya Warusi kwenye orodha ya watunzaji wa kerneli. Baadaye ilielezwa kuwa waliolengwa ni wanaofanya kazi na kampuni zilizowekewa vikwazo na Marekani. Torvalds aliunga mkono uamuzi huo hadharani. Unaweza kuukubali au kuupinga, maana vita vya Ukraine si hadithi. Lakini angalia kilichobaki. Watu hao walipoteza kiti mezani, msimbo hawakunyang'anywa. Wanaweza kuupakua na kujenga kerneli yao bila kuomba ruhusa, kwa sababu leseni haiulizi pasipoti.

La pili ni Huawei. Mei 2019, serikali ya Marekani iliiweka kampuni hiyo kwenye orodha ya vikwazo vya biashara, na simu zake mpya zikakosa huduma za Google. Hata hapa kwetu, aliyenunua simu yake mpya baada ya hapo aligundua Play Store haipo. Huawei iliendelea kwa muda na ile sehemu ya Android iliyo wazi, huku wahandisi wake wakijenga yao. Oktoba 2024 ikazindua HarmonyOS NEXT huko China, mfumo ulioiacha kerneli ya Linux na kutumia yake yenyewe.

Tofauti ni kwamba Huawei ilikuwa na pesa na jeshi la wahandisi. Siku mlango ulipofungwa, walikuwepo watu waliojua kujenga. Chukua Kenya sasa. Pesa zetu zinapita kwa simu, huduma za serikali ziko eCitizen, na hawa makarani wa ofisi za umma wanatumia kompyuta ambazo mifumo yake imeamuliwa kwingine. Sitarajii tutengeneze Harmony yetu, na nikisikia mwanasiasa akiahidi kitu kama hicho nitacheka. Ningefurahi zaidi kuona somo moja tu kwenye diploma ya teknolojia: kila mwanafunzi ajenge kerneli, aiwashe, ikikataa aeleze kwa nini. Gharama yake ni bando na stima.

Simu ndiyo itatusumbua zaidi. Kwa laptopu yangu hakuna aliyenizuia. Kwa Android, leseni ya GPL inamlazimu anayekuuzia simu autoe msimbo wa kerneli, lakini wapo wanaochelewa, na wengine hawautoi kabisa. Hata ukiupata, simu nyingi zimefungwa zisikubali kuwaka na kerneli usiyopewa na mtengenezaji. Wanasema ni usalama, na kwa kiasi ni kweli: mwizi naye angependa mlango huo uwe wazi. Ila simu niliyomaliza kuilipa ikifikia mwisho wa masasisho yake, sioni kwa nini ufunguo ubaki kwake.

Kerneli inakuruhusu kuongeza neno lako mwishoni mwa jina la toleo. Yangu nimeiandika jina la mtaa wetu. Kama unataka kujaribu, acha nafasi ya GB 20 kwenye diski, anza Ijumaa jioni, na uchomeke simu kwanza.