Rudisheni Chupa Dukani, Mkapime Presha

Ingia duka kubwa la dawa hapa Bankstown, Sydney, utakuta rafu nzima ya kalsiamu, magnesiamu na zinki, na baadhi ya chupa zinaahidi kuusaidia moyo. Wanunuzi ni watu wetu: mama anayesafisha ofisi usiku, baba dereva, mzee anayejaza sanduku ili ndugu zake Mombasa na Bukavu nao "wasafishe mishipa". Wengi wao wana presha. Wapo walioacha kumeza amlodipine, dawa ya presha, kwa sababu magnesiamu, eti, ni ya asili. Jambo hili linaua, na nimechoka kulisikia likisemwa kwa upole.

Soma herufi zilizo kwenye lebo. AUST L maana yake bidhaa imeorodheshwa tu. TGA, mamlaka ya dawa ya Australia, haikuchunguza kabla ya mauzo kama inafanya kazi. Mwenye bidhaa ndiye anayethibitisha kwamba ushahidi anao. Dawa iliyochunguzwa hadi uwezo wake wa kutibu ina AUST R. Mkimbizi aliyejifunza Kiingereza ukubwani ataijuaje tofauti ya herufi moja? Utaratibu huu unamlinda muuzaji na kumwacha mgonjwa peke yake.

Magnesiamu hushusha presha, sikatai. Uchambuzi wa majaribio 34 uliotoka mwaka 2016 ulikuta kipimo cha juu kimeshuka kwa 2 tu. Mwenye 170 akifika 168, kiharusi bado kinamsubiri.

Kalsiamu ina habari nzito zaidi. Mwaka 2008 Mark Bolland, Ian Reid na wenzao wa Auckland walitoa matokeo ya wanawake 1,471 waliofuatiliwa miaka 5: dalili zilionyesha shambulio la moyo lilikuwa zaidi kwa waliopewa kalsiamu. Mwaka 2010 walikusanya majaribio ya watu karibu 12,000, na hatari ilionekana kupanda kwa takriban asilimia 30. Wataalamu wengine wamewapinga, na ubishi haujaisha. Lakini hata wapinzani wao hawajaonyesha kwamba kidonge cha kalsiamu kinaulinda moyo. Uliyeandikiwa na daktari kwa ajili ya mifupa, usiache bila kumuuliza. Uliyejiandikia mwenyewe kwa ajili ya moyo, unatupa pesa.

Kinachoniuma ni kwamba jibu lenye ushahidi limetoka mji huu huu. Taasisi ya George ya Sydney iliongoza utafiti katika vijiji 600 vya China, watu karibu 21,000, kwa takriban miaka 5. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: kiharusi kilipungua kwa asilimia 14, vifo kwa asilimia 12. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chumvi ya namna hiyo kwa matumizi ya nyumbani. Haifai kwa watoto, wajawazito wala wenye ugonjwa wa figo, na anayetumia dawa za presha amuulize daktari kwanza, maana potasiamu ikizidi kwenye damu inaweza kuusimamisha moyo. Kwa wengine wengi, mabadiliko yanayohitajika yako sufuriani: chumvi kidogo, mchuzi wa paketi uachwe, maharage, ndizi na mboga za majani ziongezwe.

Naidai TGA iamuru maandishi makubwa, kwa lugha rahisi, kwamba bidhaa ya AUST L haikupimwa uwezo wake. Nawadai wafamasia wa Bankstown wamuulize kila anayeshika chupa ya moyo: presha yako ni ngapi? Nawadai maimamu na wachungaji wetu waache kuwapa jukwaa wachuuzi wa vidonge.

Na wewe mwenye kadi ya Medicare, bima ya afya ya umma, wiki hii nenda kwa daktari ukapime presha, umwonyeshe kila chupa iliyo kabatini, na dawa atakayokuandikia uimeze kila siku.