Hesabu za Kichwa ni Ngao ya Mnyonge

Mtoto wa shule anayevuka kutoka Kamanga kwenda Mwanza kuuza samaki wa baba yake hana ubao wala chaki. Mchuuzi husoma mizani: kilo 12.5, kwa shilingi 8,000 kila kilo. Kisha hutaja jumla aipendayo. Mtoto aliyefundishwa sawasawa hujua kwamba 12.5 ni thumuni, yaani moja ya nane, ya 100. Kilo 100 ni shilingi 800,000. Thumuni yake ni 100,000. Akitajiwa 90,000, hukataa palepale.

Je, watoto wangapi wanaweza kukataa hivyo? Bado wapo walimu wanaofundisha sehemu, desimali na asilimia kana kwamba ni mambo matatu yasiyojuana. Mwanafunzi hukariri kanuni, hupata alama ya vema, kisha husahau. Hajui kwamba robo, 0.25 na asilimia 25 ni kitu kimoja.

Wako wanaodai kwamba simu imeondoa haja ya kuhesabu kichwani. Hoja hiyo ni dhaifu. Kidole kikikosea nukta, jibu huongezeka mara kumi, na asiyeweza kukadiria hulipokea kama amri.

Wakulima wa pamba wa Usukuma waliuona ukweli huu zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, walipochoshwa na udanganyifu wa mizani za wanunuzi, waliweka wapimaji wao wenyewe. Juhudi hizo zilikuza vyama vya ushirika, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho lao la Victoria.

Leo unyonyaji umehamia pia kwenye riba. Mkopo wa shilingi 200,000 kwa asilimia 20 kila mwezi huonekana mwepesi. Lakini asilimia 10 ni 20,000. Mara mbili yake ni 40,000. Kwa miezi mitano riba peke yake inalingana na mkopo wenyewe! Si bure watu wakaiita mikopo ya namna hiyo "kausha damu". Na wanaotia saini si wavuvi tu. Wamo watumishi wa serikali, na walimu wa hesabu pia wamo.

Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka shule imwandae mtoto kwa maisha atakayoishi. Basi kila asubuhi zitengwe dakika kumi bila kalamu wala daftari, na mwalimu asiulize jibu tu, aulize pia limepatikanaje. Kazi hiyo haihitaji fedha za kigeni wala kusubiri waraka kutoka wizarani. Mwalimu asiyeifanya anamwachia mchuuzi na mkopeshaji wamfundishe mtoto hesabu, na ada yao ni kubwa.