Seli Shina na Mifupa ya Wenye Kisukari: Matumaini Yapo, Tiba Bado

Mtu mwenye kisukari anapovunjika mfupa, mara nyingi huchukua muda mrefu zaidi kupona kuliko mtu asiye na ugonjwa huo. Wapo ambao mfupa hauungi kabisa, na wengine hurudishwa chumba cha upasuaji kutokana na maambukizi. Kwa mujibu wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, mwaka 2021 watu wazima wapatao milioni 537 duniani walikuwa wakiishi na kisukari.

Januari 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani walichapisha maelezo muhimu kuhusu tatizo hilo katika jarida la Science Translational Medicine. Mfupa huunga kwa kazi ya seli shina zilizomo ndani yake, ambazo huongezeka baada ya jeraha na kuzalisha mfupa mpya. Kwa panya wenye kisukari, seli hizo hazikuongezeka inavyotakiwa. Kasoro haikuwa katika seli zenyewe, bali katika mazingira yanayozizunguka: kemikali ya mchochota ilipunguza protini inayozipa ishara ya kuanza kazi. Protini hiyo ilipowekwa palipovunjika, ikiwa ndani ya ute maalumu unaoiachia taratibu, mifupa iliunga vizuri zaidi. Sampuli za mifupa ya binadamu wenye kisukari zilionesha upungufu unaofanana na huo.

Uzito wa matokeo hayo ni kwamba seli za mgonjwa mwenyewe zinaweza kuamshwa bila kumpandikizia nyingine. Hata hivyo, mafanikio kwa panya si tiba kwa binadamu. Ishara inayochochea seli kuongezeka lazima idhibitiwe, isije ikachochea pia ukuaji usiotakiwa, ikiwemo saratani. Usalama huo huthibitishwa kwa majaribio ya kitabibu yenye usimamizi.

Aidha, jambo hili lisichanganywe na upandikizaji wa uloto, unaofanyika hata hapa nchini katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, kwa wagonjwa wa selimundu. Huko hutumika seli shina za damu, nazo haziungi mfupa uliovunjika.

Kwa mantiki hiyo, vidonge na sindano zinazotangazwa kwa jina la seli shina kuwa zinaunga mifupa au kuponya kisukari visipokelewe kwa sababu ya jina hilo pekee. Hatari kubwa ni mgonjwa kuacha insulini au dawa alizoandikiwa, huku fedha za matibabu zikiishia kwa muuzaji.

Wakati utafiti ukiendelea, msingi wa matibabu haujabadilika. Mgonjwa aliyevunjika mfupa anapaswa kumweleza daktari mapema kuwa ana kisukari, kudhibiti sukari katika kipindi chote cha uponaji, kuacha tumbaku na kuhudhuria kliniki kwa tarehe alizopangiwa. Asiyejua hali yake apime sukari sasa, kabla ya kuumia.