Mlango wa Mwananchi Bungeni Usifungwe



Hapa Mokowe mgonjwa akizidiwa usiku hubebwa hadi gatini, akavushwa kwa mashua kwenda Hospitali ya King Fahd kisiwani Lamu. Sheria inayoamua ni nani atakayelipia matibabu yake hutungwa Nairobi, kwa kanuni ambazo wengi wetu hatukufunzwa. Nasi huuliza tu: mbunge wetu alipiga kura gani? Swali hilo huja limechelewa.

Mswada husomwa mara tatu. Mara ya kwanza hutajwa jina tu. Kisha hupelekwa kwa Kamati, na hapo ndipo ulipo mlango wa mwananchi, kwani Kifungu cha 118 cha Katiba ya 2010 kinaliamuru Bunge litushirikishe. Ukifika kusomwa mara ya pili na ya tatu, mlango umekwisha fungwa. Basi anayetaka kutunyima sauti hana haja ya kutupinga hadharani. Humtosha kuzifupisha siku za Kamati.

Tazameni sheria za afya ambazo Rais William Ruto alizitia sahihi tarehe 19 Oktoba 2023. Tarehe 12 Julai 2024 Mahakama Kuu ilizitangaza tatu kati yake kuwa kinyume cha Katiba, sababu mojawapo ikiwa ni wananchi kutoshirikishwa ipasavyo. Bunge likapewa siku 120 kurekebisha. Septemba, Mahakama ya Rufani ikaisimamisha hukumu hiyo. Na tarehe 1 Oktoba 2024 mfumo mpya ukachukua nafasi ya NHIF. Mfanyakazi akakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa sheria ambayo uhalali wake ulikuwa ungali mbele ya majaji.

Wapo wasemao kwamba utaratibu ni anasa ya mawakili, na mgonjwa hangoji. Mimi ni wakili, nami nawajibu: haraka ile ndiyo iliyomtia mgonjwa katika mashaka ya kesi. Tena kanuni si maandiko matakatifu. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya ya jamii. Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia sahihi, nao ukafa. Leo Katiba tuliyoipigania inawaruhusu wabunge kuushinda mkono wa Rais kwa theluthi mbili. Kanuni hubadilika wananchi wakisimama.

Kwa hiyo tudai mambo matatu. Kila mswada wa afya uchapishwe pia kwa Kiswahili, ambacho Katiba inakitambua kuwa lugha rasmi. Kamati ije hapa Mokowe, tena kwa notisi ya kutosha. Na kura ya mwisho iwe ya majina, si ya makelele ya "ndiyo" na "la". Kila parokia na kila jumuiya, pamoja na ndugu zetu wa misikitini, iandike maoni yake na kuyapeleka kwa Kamati mapema.

Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, tulidhani vyama vingi vyatosha. Havitoshi, ikiwa vyama vyote vitatufungia mlango uleule.